Msimkalishe Bibi: Maswali na Majibu Kuhusu Mazoezi ya Kuzuia Kuanguka

Maswali haya huulizwa sana na ndugu wanaowaleta mama na bibi zao kwetu fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, baada ya kuanguka.

Kusimama imara kunategemea nini?
Macho, sikio la ndani, hisia za nyayo na misuli ya miguu. Vyote hupungua kwa umri, lakini misuli hujengeka kwa mazoezi hata mtu akiwa na miaka 80.

Mbona mnasisitiza wanawake?
Hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa hudhoofika haraka. Mahali ambapo kijana angejikung'uta vumbi akaendelea na safari, bibi anavunjika nyonga.

Mama ana miaka 72, ameshaanguka mara moja. Si bora akae tu, apumzike?
Hapana. Tunawaona kila mara: watoto wana mapenzi, wameweka dada wa kazi, maji mama analetewa, chakula analetewa, hata rimoti anapewa mkononi. Miezi michache baadaye mapaja yamenywea na hawezi kunyanyuka kwenye sofa mpaka avutwe mkono. Halafu usiku anaamka kwenda chooni, dada kalala, na hapo ndipo anapoanguka. Kumkalisha ndiko kunakomwangusha.

Lakini anafagia uwanja kila asubuhi. Hayo si mazoezi?
Aendelee kufagia. Ila kazi za nyumbani na kutembea tu havitoshi. Mwili unatakiwa ujifunze kujizuia unapoyumba. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara angalau siku 3 kwa wiki. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu asilimia 23.

Aanze vipi?
Tafuta kiti kizito cha mbao, ukiegemeze ukutani. Si cha plastiki, kinateleza. Avue ndala, avae viatu vinavyoshika kisigino, na khanga isiburute chini. Akae, ainuke, akae tena polepole, mara 5 hadi 10. Mwanzoni ashike meza. Akizoea, mikono aikunje kifuani. Kisha asimame kando ya meza nzito, anyanyuke kwa vidole vya miguu, atembee kiubavu, halafu atembee hatua za kisigino kugusa vidole. Mwisho asimame kwa mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na meza. Kama hayumbi hata kidogo, zoezi limekuwa jepesi, ongezeni. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache na apelekwe akapimwe. Mbebeeni na dawa zake zote, maana baadhi ya dawa za presha na za usingizi huleta kizunguzungu.

Je, akianguka akiwa mazoezini?
Ndiyo maana kuna meza, na wewe umesimama ubavuni kwake. Hofu hiyo isiwe sababu ya kumrudisha kwenye sofa. Nimeshasema, sofa ndiyo hatari.

Ameanguka jana, nyonga inauma. Tumkande maji ya moto kwanza?
Msimkande. Msimchue. Msisubiri "tuone mpaka Jumatatu". Akishindwa kukanyaga, akiumwa kinenani, au mguu ukionekana mfupi na umegeukia nje, apelekwe hospitali leo akapigwe picha. Na anayechechemea naye apelekwe, kwani wapo wanaotembea na nyonga iliyovunjika. Kila siku anayolala nyumbani inamsogeza karibu na nimonia, damu kuganda miguuni na vidonda vya mgongoni.

Ameshafanyiwa upasuaji. Sasa apumzike muda gani?
Kesho yake asimamishwe, isipokuwa daktari aliyempasua akisema vingine. Ndugu wanaokuja wodini kutuambia "mwacheni bibi wa watu apumzike" wamletee viatu vyake.