Chupa ya Kutunza Ubaridi: Dhana Potofu na Ukweli

Mnunuzi anayeipima chupa kwa mkono, akiamini kwamba iliyo nzito zaidi ndiyo itakayotunza ubaridi, anapima kitu kisichohusika. Kazi hiyo hufanywa na ombwe, yaani nafasi iliyofyonzwa hewa kati ya kuta mbili za chuma cha pua, ambamo joto haliwezi kupita ila kwa mnururisho, yaani kwa njia ya miale. Ndiyo maana baadhi ya chupa hupakwa shaba upande wa ukuta wa ndani unaolitazama ombwe, ili mnururisho nao urudishwe ulikotoka. Mwanasayansi James Dewar alibuni chombo cha namna hii mwaka 1892, akihifadhi humo gesi zilizopozwa hadi zikawa kimiminika.

Wengine huiona chupa imelowa nje, wakadhani inavuja. Maji hayo ni unyevu wa hewa uliogusana na ukuta baridi, na kwa chupa ya kuta mbili hiyo ni dalili mbaya kuliko kuvuja: huenda ombwe limeshaingia hewa. Yangu ilianza kutoa jasho baada ya kuanguka sakafuni, ingawa ilibonyea kidogo tu. Kuhakikisha ni rahisi. Jaza maji ya moto, funga, subiri dakika chache, kisha papasa kiwiliwili chake. Kikiwa na joto, chupa imeharibika. Shingo kupata joto kidogo ni kawaida, kwa sababu hapo ndipo kuta mbili zinapoungana.

Shingo hiyo, pamoja na kifuniko, ndiyo mlango mkuu wa joto, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kukaguliwa kwanza. Mdomo mpana ni mwepesi kusafisha na hupitisha vipande vya barafu, lakini hupitisha joto jingi kuliko mwembamba.

Saa zilizoandikwa kwenye lebo nazo zisichukuliwe kama ahadi, kwani chupa iliyobaki nusu, inayofunguliwa kila mara, hupoteza ubaridi mapema. Barafu husaidia zaidi: gramu moja ikiyeyuka hufyonza takriban jouli 334 za joto, kiasi kinachokaribia kile cha kupasha gramu hiyo hiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80 za Selsiasi. Ila barafu itiwe ndani ya chupa. Chupa iliyojaa maji isiwekwe kwenye friza, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na yanaweza kuupasua ukuta wa ndani.