Je, elimu ya shule humkinga kijana na matangazo ya hila?

Humkinga, ila si kwa njia tunayoidhania wengi. Wingi wa miaka darasani hautoshi. Kijana anaweza kumchambulia mwalimu tangazo neno kwa neno, na jioni akanunua kitu kilekile. Tena msomi ana udhaifu wake: mwaka 1983 mtafiti W. Phillips Davison alieleza jinsi watu wanavyoamini kuwa ujumbe wa vyombo vya habari huwateka wengine kuliko wao wenyewe. Anayejiona mjanja hajihami.

Kinachosaidia ni aina ya somo. Huko Texas, Marekani, Christopher Bryan, David Yeager na wenzao walilijaribu jambo hili kwa wanafunzi wa darasa la nane, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Kundi moja lilifundishwa lishe kwa mtindo tuliouzoea: kula hiki, epuka kile, utunze afya yako. Kundi jingine lilielezwa jinsi kampuni za vyakula zinavyotengeneza bidhaa ili mlaji ashindwe kujizuia, na zinavyowalenga watoto wadogo. Kesho yake, walipopewa nafasi ya kuchagua vitafunio na vinywaji, ni hili la pili lililochagua vizuri zaidi. Hawakutishwa na maradhi. Waliguswa panapomuuma kijana: kugundua kwamba watu wazima wanamchezea akili. Kampeni ya Florida dhidi ya sigara, iliyoanza mwaka 1998, nayo iliwaanika watengenezaji badala ya kuhubiri afya, na uvutaji miongoni mwa wanafunzi ukashuka.

Hasira hupoa, lakini, na hila hazikai mahali pamoja. Aliyefundishwa tangazo la televisheni bado ni mgeni kwenye mchezo wa simu. Humo pesa hugeuzwa vito, yaani sarafu ya mchezo wenyewe, ili mchezaji asione anatumia kiasi gani. Vito huuzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei za vitu, basi kila mara hubaki vichache visivyonunua chochote, na vichache hivyo ndivyo vinavyomvuta aongeze. Juu ya kioo kuna saa inayohesabu kurudi nyuma: ofa inakaribia kwisha! Maelezo ya mwalimu hapo hayafui dafu. Bora darasa zima liiache saa ifike sufuri bila kununua, halafu wafungue mchezo siku zinazofuata, wahesabu ofa hiyohiyo imerudi mara ngapi.