Futari ya muhogo na kunde inavyousaidia utumbo dhidi ya bakteria wa maradhi

Ukipita masoko ya Darajani au Mwanakwerekwe hapa Unguja siku mbili tatu kabla ya Ramadhani, utakuta malundo ya muhogo, majimbi, viazi vikuu, viazi vitamu, ndizi mbichi na shelisheli yamejaa hadi njiani. Chake Chake na Konde, kule Pemba, ni vivyo hivyo. Mwezi mzima watu wanafuturu kwa vyakula hivi vilivyoungwa kwa nazi, pamoja na kunde au mbaazi. Sikukuu ikishapita, nyumba nyingi zinarudi kwenye chai na boflo asubuhi, wali mweupe mchana, chapati au mkate usiku. Sisi tunaofanya kazi ya lishe tunasikitishwa na mabadiliko hayo, na sukari na uzito ni sehemu tu ya sababu. Vyakula vya futari vina wanga na nyuzinyuzi zinazousaidia utumbo kuwazuia bakteria wa maradhi, na jambo hili bado halizungumzwi vya kutosha, hata kliniki.

Wanga wa wali mweupe au boflo humeng'enywa karibu wote katika utumbo mwembamba na kuingia kwenye damu ukiwa sukari. Lakini mimea ina kabohaidreti nyengine ambazo mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuzivunja: nyuzinyuzi za kunde na mboga za majani, pektini ya matunda, inulini ya vitunguu, na ule wanga sugu uliomo kwa wingi katika ndizi mbichi. Hizi hupita salama hadi utumbo mpana, wanakoishi matrilioni ya bakteria wasiotudhuru. Wao ndio wenye vimeng'enya hivyo. Wanazichachua, na katika kuchachua huko wanatoa asidi ndogo tatu kubwa kwa umuhimu: asetati, propionati na butireti.

Butireti inastahili maelezo zaidi. Seli za ukuta wa utumbo mpana hutegemea zaidi butireti kupata nguvu kuliko sukari ya kwenye damu. Zinapoiunguza hutumia oksijeni nyingi, kiasi kwamba ndani ya utumbo haibaki oksijeni ya maana. Bakteria wetu wa kawaida wengi hawaitaki oksijeni, kwa hiyo wanastawi. Bakteria wa kuharisha kama Salmonella na E. coli, kinyume chake, hunufaika nayo sana wakiipata. Butireti ikipungua, ama kwa kukosa nyuzinyuzi ama kwa sababu antibiotiki zimewaua wanaoitengeneza, seli za ukuta hubadili namna ya kujipatia nguvu, oksijeni hupenya ndani ya utumbo, na bakteria hao huzaana haraka. Butireti pia huziamsha seli za utumbo zitoe protini ndogo zenye uwezo wa kuua bakteria. Shigella, anayeleta kuhara damu, huizima protini mojawapo ya hizo. Mwaka 2006 watafiti wa Dhaka, Bangladesh, walionesha kwamba sungura wenye maradhi hayo waliopewa butireti waliirejesha protini hiyo na hali yao ikawa nafuu.

Halafu kuna ute. Ukuta wa utumbo mpana umefunikwa na ute mzito, kama lipu juu ya matofali, na ute huo wenyewe umejaa sukari zilizoshikamana na protini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, panya walionyimwa nyuzinyuzi walipata tatizo ambalo mtu asingelitarajia: bakteria wao wa kawaida, walipokosa chakula, waligeukia kula ute. Ulibaki mwembamba. Panya hao walipoambukizwa bakteria wa jamii ya karibu na E. coli wa kuharisha, waliugua vibaya kuliko wenzao waliokula nyuzinyuzi. Panya si watu, lakini ute wetu umejengwa kwa namna hiyo hiyo na bakteria wetu wanaweza kuula vivyo hivyo.

Kwa watu tunao ushahidi wa kututosha kuchukua hatua. Mwaka 2010 watafiti walilinganisha watoto wa kijiji kimoja cha Burkina Faso, wanaokula mtama, uwele, kunde na mboga, na watoto wa Florence nchini Italia. Wa Burkina Faso walikuwa na asidi hizo ndogo kwa wingi zaidi kwenye choo, na Shigella na Escherichia walikuwa wachache zaidi kwao. Karibu zaidi na sisi, mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kilimanjaro kwa vijana wa kiume 77 wenye afya njema. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini walipowekwa kwenye vyakula vya kisasa vilivyosindikwa kwa wiki mbili tu, viashiria vya uvimbe mwilini (yaani kinga ya mwili kuwaka) vilipanda, na seli zao za damu zilipokutanishwa na vijidudu ziliitikia kwa nguvu ndogo kuliko mwanzo. Waliobadilishwa kinyume chake, kutoka vya kisasa kwenda vya asili, uvimbe ulipungua. Wiki mbili! Mimi naiona hii kuwa habari njema, kwa sababu mabadiliko ya haraka namna hiyo yanaonesha kuwa hatujachelewa.

Je, kabohaidreti hizi zinamfaa aliyekwisha kuugua? Huko Dhaka, mwaka 2001, watoto wachanga waliokuwa na kuharisha kusikokoma walipewa wali uliopondwa pamoja na ndizi mbichi iliyopikwa, au pamoja na pektini. Walipona mapema kuliko waliopewa wali peke yake. Na mwaka 2000, huko Vellore, India, wagonjwa wa kipindupindu waliongezewa wanga sugu wa mahindi kwenye maji ya ORS (maji ya chumvi na sukari anayopewa anayeharisha), gramu 50 kwa lita. Kuharisha kwao kulidumu wastani wa saa 57 hivi, ilhali waliopewa ORS ya kawaida walifika takriban saa 91. Asidi zile ndogo zinapofyonzwa kwenye utumbo mpana, chumvi na maji hufyonzwa pamoja nazo.

Visiwa vyetu vinakijua kipindupindu, na mwaka 2009 maelfu ya watu wa Unguja na Pemba walipewa chanjo yake ya kunywa. Kwa hiyo nataka nieleweke vizuri hapa. Muhogo na ndizi haviui vijidudu vya kipindupindu, wala havichukui nafasi ya maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, choo, sabuni na ORS. Mtu anayeharisha maji mfululizo apewe ORS palepale na apelekwe kituo cha afya. Mambo ya chakula tunayajenga kabla, miezi na miaka, ili vijidudu vikiingia vikute utumbo ulio imara.

Ujenzi huo huanza na maziwa ya mama. Ndani yake mna sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zimewekwa kwa ajili ya bakteria wema wa utumbo wake, na baadhi huvishika vijidudu vya maradhi visipate pa kunata. Ndiyo sababu tunasisitiza maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila maji wala uji. Baada ya hapo, ndizi mbichi au kiazi kitamu kilichopondwa na kunde zilizomenywa ni mwanzo mzuri.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mwenye umri wa miaka 10 na zaidi apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Watoto wa miaka 6 hadi 9 gramu 21, na wa miaka 2 hadi 5 gramu 15. Kikombe kimoja cha wali mweupe hakifiki hata gramu 1. Kikombe cha kunde zilizopikwa kina gramu 11 hivi, kwa hiyo ukiniuliza chakula kimoja cha kuongeza, nitakwambia kunde, choroko au mbaazi, kabla hata ya muhogo. Zinauzwa kila duka la mtaani na zinakaa bila friji. Ongeza kisamvu au mchicha, na embe au pera badala ya juisi yake. Asiyezoea aanze kidogo kidogo na anywe maji ya kutosha, maana tumbo litajaa gesi siku za mwanzo.

Muhogo au mbatata zilizochemshwa zikapoa huongezeka wanga sugu. Lakini kiporo kisilale mezani katika joto letu, hasa cha wali, kwani kuna bakteria wanaozaana humo na sumu yao haiondoki hata ukikipasha moto. Kiwekwe kwenye friji mapema, au kisiliwe. Muhogo mchungu nao umenywe, urowekwe na upikwe hadi uive kabisa.

Na antibiotiki zisinunuliwe dukani bila cheti cha daktari kwa kila mafua au tumbo. Dozi moja inaweza kuwafagia wale wale bakteria wanaotengeneza butireti, na wengine huchukua wiki au miezi kurudi. Aliyeandikiwa na daktari aimalize dozi yake, na katika siku hizo na zinazofuata ale kunde na ndizi mbichi kwa wingi kuliko kawaida yake.