Kava ni nini hasa, na kwa nini Elvis na Pat Boone wasiwekwe kapu moja

Kila ubishi wa Elvis Presley na Little Richard ukianza, mzungu na mweusi waliotamba na rock and roll Marekani miaka ya 1950, haipiti muda anatokea mtu anaufunga kwa sentensi moja: Elvis alikuwa mtu wa kava tu, msanii alikuwa Richard. Watu wanaitikia eeh kweli, mjadala umekwisha hapo. Sasa mimi simtetei Elvis, kati ya hao wawili nikiambiwa nichague sauti moja ya kubaki nayo ni Richard na wala sifikirii mara mbili, ila hilo neno kava linanikera jinsi linavyotumika. Limegeuzwa tusi, alafu linabebeshwa vitu vitatu vinne kwa wakati mmoja, mpaka mtu akilitaja hujui anamaanisha wizi, uvivu au kukosa kipaji.

Maana yenyewe ni fupi. Kava ni rekodi mpya ya wimbo ambao tayari ulisharekodiwa na kutolewa na mtu mwingine. Basi. Umeuimba vizuri, umeuharibu, umeubadilisha wote au umeuacha kama ulivyo, bado ni kava. Kuupiga jukwaani tu bila kurekodi ndo kule kwetu tunaita kupiga kopi, zile bendi za hotelini na baa, siku hizi nako wanakuita kava na kwa hilo sigombani na mtu. Na wala siyo jambo la aibu, "Malaika" wengi wetu tunaijua kwa sauti ya Fadhili William, Miriam Makeba akairekodi, Boney M wakairekodi, na sijasikia mtu akisema Makeba hakuwa na kipaji kwa sababu hiyo.

Angalia sasa, hiyo maana haijamtaja mtunzi popote. Hapa ndo wengi wanateleza, wanadhani ukiimba wimbo uliotungwa na mwingine umeshafanya kava. Hapana. "Heartbreak Hotel" ya 1956 ilitungwa na Mae Axton na Tommy Durden, "Don't Be Cruel" ya mwaka huohuo ni ya Otis Blackwell, "Jailhouse Rock" ya 1957 ni ya Jerry Leiber na Mike Stoller, na zote tatu siyo kava kwa sababu aliyezitoa kwanza ni Elvis (jina lake kuwekwa kati ya watunzi kwenye hizo mbili za mwanzo ni mambo ya biashara, pale hakutunga kitu). Richard naye hivyohivyo, "Rip It Up" na "Ready Teddy" zilitungwa na John Marascalco na produsa wake Bumps Blackwell, yeye akaletewa akaziimba. Alafu Richard ana kava zake halisi kabisa, "Keep A-Knockin'" aliyoitoa 1957 Louis Jordan alisharekodi tangu 1939, na "Baby Face" ya 1958 ni wimbo wa miaka ya 1920, wa enzi za wazee wake. Mbona yeye hakuna anayemwita mtu wa kava?

Neno lenyewe lilianza kwa watu wa makampuni ya rekodi, wanamuziki walilikuta. Linatoka kwenye Kiingereza "cover", yani kufunika, siyo kufunika kwa maana yetu ya fulani kafunika kwenye shoo, ni kufunika soko. Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 wimbo ndo ulikuwa mali, sauti ya aliyeimba ilikuwa kama kifungashio tu. Kampuni ndogo ikitoa wimbo wa R&B (muziki wa Wamarekani weusi) ukaanza kuchangamka, kampuni nyingine inamkimbiza mwimbaji wake studio wiki hiyohiyo, anaimba uleule, rekodi inapelekwa madukani na redioni kabla ya kwanza haijapoa. Ni kama mtu afungue duka mlango wa pili na lako auze bidhaa yako ileile, ila yeye ana barabara ya lami mbele ya duka na wewe huna. Na barabara hiyo ilikuwa na rangi ya ngozi, kwa sababu rekodi za weusi zilihesabiwa kwenye chati yao ya pembeni ya R&B, na vituo vingi vya redio vilivyosikilizwa na wazungu havikuwa vinazipiga, kwa hiyo kijana wa kizungu wa mji mdogo mara nyingi alisikia toleo la pili akadhani ndo la kwanza.

Sheria nayo iliruhusu, na hii sehemu huwa haitajwi kabisa kwenye hizi kelele. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1909 ilisema wimbo ukisharekodiwa mara ya kwanza kwa ruhusa ya mwenyewe, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi bila kuomba, mradi alipe senti 2 kwa kila nakala. Na hizo senti zinakwenda kwa mwenye wimbo, yani mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji wa kwanza, kama hakutunga, humo hana hata thumni. Rekodi yenyewe, yani ile sauti uliyoitoa kifuani na namna ala zilivyopangwa, haikuwa na ulinzi wa sheria ya shirikisho mpaka Februari 1972. Mwishoni mwa 1954 LaVern Baker, mwimbaji mweusi, alirekodi "Tweedle Dee", mara Georgia Gibbs, mzungu, naye akatoa ya kwake kupitia kampuni ya Mercury, mpangilio karibu uleule, miitikio ileile, ikapanda mpaka nafasi ya 2 kwenye chati ya pop, ile kuu. Baker akamwandikia mbunge wa Michigan, Charles Diggs, akitaka sheria irekebishwe. Hakulalamika kwamba Gibbs kaimba wimbo wake maana wimbo haukuwa wake, aliutunga Winfield Scott. Alilalamikia mpangilio kunakiliwa kama ulivyo. Huyo mama alielewa tofauti hii vizuri kuliko nusu ya wanaobishana leo, na sheria haikubadilika kwa ajili yake.

Kwa hiyo kava ya enzi zile ilikuwa na saa yake, inatoka wakati ya kwanza bado inauza, na kazi yake ni kuiwahi sokoni. Bingwa wa mchezo huo ni Pat Boone, mwimbaji wa kizungu wa lebo ya Dot. 1955 alichukua "Ain't That a Shame" ya Fats Domino, mwimbaji mweusi, akafika nayo nafasi ya 1, ya Domino mwenyewe kwenye chati hiyo ya pop ikaishia ya 10. Alafu akamgeukia Richard.

Na hapa kuna bahati nzuri kwa anayetaka kulinganisha waimbaji kwa haki, maana "Tutti Frutti" tunayo kwa Richard, kwa Boone na kwa Elvis, zote ndani ya miezi michache. Ya Richard ilirekodiwa tarehe 14 Septemba 1955 New Orleans, studio ya Cosimo Matassa, Earl Palmer kwenye dramu na Lee Allen kwenye saksafoni. Siku hiyo kazi ilikuwa imedoda, wakati wa mapumziko Richard akakaa kwenye piano akapiga wimbo wake wa vilabuni wenye maneno ya chumbani, produsa Bumps Blackwell akashtuka kwamba hiki ndo tulikuwa tunakitafuta, akamwita Dorothy LaBostrie ayasafishe maneno fastafasta. Sikiliza ule mwanzo, ile "awopbopaloo" hamna ala hata moja, ni mdomo unapiga dramu, alafu mkono wake wa kulia kwenye piano unagonga noti sawasawa bila kuyumba, Palmer mwenyewe alisema mdundo aliokuja kusifiwa nao ulitokana na kujaribu kuufuata mkono wa Richard. Juu ya hapo kuna ile "wuuu" ya juu kabisa aliyoitoa kanisani, kwa waimbaji wa injili kama Marion Williams. Hiyo sauti haitulii, inaanza juu na inabaki huko, hapumui na wewe msikilizaji hapumui.

Ya Boone kila neno limenyooka, limetamkwa, limepigwa pasi. Sauti anayo, noti anazipata zote, sitaki kumwonea. Ila anaimba ile "awopbopaloo" kama mtu aliyeandikiwa kwenye karatasi na anataka asikosee herufi, alafu mstari uliokuwa na kamoto kidogo juu ya Daisy, msichana anayeimbwa humo, umebadilishwa ukawa wa adabu. Ikafika nafasi ya 12, juu ya ile ya mwenyewe. Kwenye "Long Tall Sally" wakina Blackwell wakaamua mstari mmoja Richard auseme kwa kasi ya makusudi ili Boone ulimi umshinde. Boone akairekodi tu, lakini safari hii Richard akamshinda hata kwenye chati ya pop, nafasi ya 6 kwa ya 8. Napenda sana hii habari, mtu anageuza ufundi wake wa kuimba kuwa kufuli.

Ya Elvis ni ya tarehe 31 Januari 1956, New York, ikaingia kwenye albamu yake ya kwanza. Kwa kweli siyo kazi yake nzuri. Ana nguvu, anayameza maneno vizuri, lakini anakimbia tu, hakuna saksafoni ya kumsukuma na kule juu anakokaa Richard yeye hafiki. Ukinipa hizo tatu, Richard wa kwanza, Elvis wa pili kwa mbali, Boone simhesabu. Sasa ona, hapo nimemwangusha Elvis kwa kusikiliza tu, neno kava halijanisaidia kitu.

Na ukitaka kuona kava ikiwa kazi ya sanaa, basi "Mystery Train". Junior Parker, mwimbaji wa bluzi, aliitoa 1953 kwa Sam Phillips, lebo ya Sun, Memphis, na Elvis akairekodi 1955 kwa Sam Phillips huyohuyo, Sun hiyohiyo. Ya Parker inatembea taratibu, saksafoni inalia kama moshi wa treni, mtu kaachwa na ameshakubali. Ya Elvis haina saksafoni wala dramu, ni yeye na gita lake, Scotty Moore kwenye gita la umeme na Bill Black kwenye besi, na mchoro wa gita wa Moore haukutoka hata kwenye wimbo huo, kaubeba kwenye upande wa pili wa sahani ya Parker, "Love My Baby". Kasi imepanda, sauti inashuka chini inapaa juu ndani ya mstari mmoja, na pale Parker anaposema treni itamchukua tena mpenzi wake, Elvis anasema haitamchukua tena kamwe. Mwishoni anacheka. Yani wimbo wa mtu aliyeshindwa kaugeuza wa mtu anayebisha. Hilo Richard hakuwa nalo, Richard akiingia kwenye wimbo anauwasha, Elvis anauhamisha nyumba. Ni vipaji viwili tofauti na wala huhitaji kumchagua mmoja ili umsifu mwingine.

"Hound Dog" ndo watu hupenda kuitoa kama ushahidi, kwamba alimwibia Big Mama Thornton, mwimbaji mweusi wa bluzi. Thornton aliirekodi 1952, ilipotoka 1953 ikakaa wiki 7 nafasi ya 1 ya R&B, na ya kwake ni mwanamke anamfukuza mwanaume mdoezi, kila neno lina jino. Elvis kaja 1956, hakuichukua hata kwake moja kwa moja, aliichukua kwa Freddie Bell aliyekuwa akiiimba Las Vegas na maneno ameshayavuruga, ndo maana kwa Elvis imebaki ni mbwa na sungura tu, maana yote imekwenda. Ni kava ya kava. Ya Thornton ni bora, naiweka juu bila wasiwasi, lakini kava ya kuwahi soko haikuwa, rekodi yake ilikuwa na miaka 3 tayari. Kwamba Thornton alisema aliambulia dola 500 ni dhuluma ya kweli, na hiyo ni kesi ya mikataba na lebo, ingekuwepo hata kama Elvis asingezaliwa.

Hata "Blue Suede Shoes", Carl Perkins aliitoa Januari 1956 na Elvis akairekodi mwezi huohuo, ingekuwa kava ya kizamani kabisa ya kumfunika mwenzake, ila RCA, kampuni ya Elvis wakati huo, walikubali kutoitoa kama singo mpaka ya Perkins imalize mbio zake. Upande wa pili wa singo hiyo ilipokuja kutoka Septemba waliweka nini? "Tutti Frutti".

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kumsema Elvis kwa habari ya kava, anzia kwenye hiyo "Tutti Frutti" yake ya Januari 1956, maana ya Richard ilikuwa bado ya moto sokoni, hapo una hoja na tutakaa upande mmoja. "Hound Dog" iache, na "Mystery Train" usiiguse kabisa.