Kabla Hujalipia Intaneti ya Nyumbani

Malalamiko yanayofika mezani kwetu kuhusu intaneti ya nyumbani yanafanana sana. Mteja amelipia kifurushi cha kasi ya megabiti 50 kwa sekunde. Mchana mambo yanakwenda vizuri, lakini ikifika saa mbili usiku video inaganda kila baada ya dakika chache. Akipiga simu anaambiwa azime ruta na kuiwasha tena. Anafanya hivyo, na kesho yake ni yaleyale. Mara nyingi ruta haina kosa lolote. Mteja huyu hakuelezwa alichonunua, na kwa maoni yangu kumweleza ni wajibu wa muuzaji, si hisani.

Kampuni inayokuletea intaneti haiimiliki intaneti, na hakuna anayeimiliki. Intaneti ni makumi ya maelfu ya mitandao huru iliyokubaliana kupelekeana data. Mtoa huduma wako ana mtandao wake mmoja kati ya hiyo. Ili ufike kwingine, hununua njia kwa kampuni kubwa zenye mikongo ya nchi kavu na ya baharini. Kisha hujiunga na vituo vya kubadilishana data, ambako mitandao ya eneo moja huunganishwa ana kwa ana, ili barua pepe unayomtumia jirani aliye kwenye kampuni nyingine isilazimike kuzunguka bara jingine ndipo irudi. Kampuni kubwa za video nazo huweka seva, yaani kompyuta za kuhifadhi na kusambaza, ndani ya mtandao wa mtoa huduma, zenye nakala za vile vinavyotazamwa sana. Ndiyo maana filamu inaweza kucheza bila shida huku tovuti ndogo iliyo ng'ambo ikifunguka kwa kusuasua. Kasi yako haitegemei waya wa mlangoni peke yake. Inategemea pia ni njia kiasi gani kampuni imelipia huko nyuma, mahali usipopaona.

Tuje upande wa nyumbani. Kipande cha mwisho, kutoka mtandao wa kampuni hadi kwako, ndicho kinachotangazwa kwenye mabango, na karibu kila mara unakitumia pamoja na wengine. Chukua faiba. Uzi mmoja wa kioo hutoka kituoni, kisha mwanga wake hugawanywa na kifaa kidogo kisichotumia umeme kwenda nyumba 32, pengine 64. Kwa GPON, teknolojia ya kugawana faiba hivyo ambayo imeenea sana, nyumba zote hizo zinagawana takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde za kupakua, na nusu yake za kupakia. Nyumba 32 zikiuziwa megabiti 100 kila moja, jumla ni megabiti 3,200, yaani zaidi ya uwezo wa uzi wenyewe. Hapo bado hakuna ulaghai, kwa sababu ni nadra watu wote kupakua kwa nguvu katika sekunde ileile. Anayesoma habari hatumii karibu chochote. Ubaya huanza pale kampuni inapoendelea kuunga wateja wapya bila kupanua njia iliyo nyuma yao. Matokeo yake yanaonekana jioni, kila mtu akiwa nyumbani.

Ruta ya laini ya simu, iwe ya 4G au 5G, ina mgawanyo mkali zaidi, kwani mnara mmoja huhudumia nyumba na pia kila simu inayopita karibu. Faida yake ni kwamba haihitaji fundi wala waya. Iweke karibu na dirisha linaloelekea mnara. Nyaya za shaba za simu bado zinatumika mahali pengi, ila kasi yake hushuka kadiri unavyokaa mbali na kituo. Setilaiti hufika pasipofikika, lakini ulizia ziko juu kiasi gani: zile za zamani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, hivyo kila ombi na jibu lake huchukua takriban nusu sekunde, na mazungumzo ya video yanakuwa ya kupishana maneno. Zile zinazozunguka chini, kwenye kilomita 550 hivi, hazina adha hiyo.

Mabango hutaja megabiti, ilhali kompyuta yako huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo megabiti 50 ni megabaiti 6.25 kwa sekunde, na faili la gigabaiti 2 litachukua zaidi ya dakika 5 hata siku ambayo kila kitu kiko sawa. Usiamini kwamba umepunjwa kabla hujagawanya kwa 8.

Ukitaka kujua kasoro iko wapi, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, zima waifai ya vifaa vingine, kisha pima kasi. Pima alfajiri, pima mchana, pima saa mbili usiku, siku kadhaa mfululizo, na uandike kila jibu na saa yake. Kasi ikiwa nzuri kwa waya lakini mbovu kwa waifai, tatizo limo ndani ya nyumba: hamisha ruta kutoka kabatini, iweke katikati na juu. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, ya gigahezi 5 yana kasi zaidi ukiwa karibu. Kasi ikishuka jioni tu hata kwa waya, hiyo ni foleni ya kampuni, na daftari lako ndilo ushahidi. Na kama ni faiba na taa iliyoandikwa LOS inawakawaka nyekundu, acha kuzima na kuwasha, mwanga haufiki. Angalia kwanza kama waya mwembamba wa faiba umekunjwa kwa ukali nyuma ya meza au plagi yake imelegea. Usiangalie ndani ya ncha yake. Mwanga ule hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru. Ikiwa viko sawa, mwite fundi.

Kabla ya kusaini, uliza kasi ya kupakia, si ya kupakua tu. Anayefundisha kwa video au kutuma picha kubwa ataihitaji. Uliza pia kifurushi kinachoitwa cha bila kikomo hupunguzwa kasi baada ya gigabaiti ngapi, na ukivunja mkataba utalipa nini. Kama unataka kutazama kamera za nyumbani ukiwa safarini, uliza kama utapata anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha laini yako kwenye intaneti, ya kwako peke yako. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia ilikwisha Februari 2011, kwa hiyo kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kutembelea tovuti hutahisi tofauti yoyote, ila kuifikia nyumba yako moja kwa moja kutoka nje kunaweza kushindikana. Majibu yote yadai kwa maandishi, maana wakala aliyekuuzia huenda asiwepo siku utakayolalamika.