Mgonjwa Ameruhusiwa, Lakini Je, Yuko Hai?

Kazi yangu hapa Kisumu ni kuchambua takwimu za wagonjwa wa upasuaji na dawa ya usingizi. Kwenye jedwali, safu inayonisumbua kuliko zote ni ya hali ya mgonjwa siku ya 30 baada ya upasuaji. Mara nyingi haina kitu. Mama alipasuliwa, akaruhusiwa, akarudi kwao Ugenya au Mbita, na namba iliyo kwenye faili ni ya shemeji aliyekwisha badilisha laini.

Tuchukulie waliopasuliwa ni 200. Wanne tunajua wamefariki, 40 hawajapatikana. Ukiwaandika hao 40 kuwa wazima, vifo ni asilimia 2. Ukiwaondoa kwenye hesabu, ni 2.5. Ikiwa wote wamefariki, ni 22. Hilo la mwisho ni vigumu kutokea, lakini mimi huyaonyesha yote matatu, maana asiyepatikana huenda hapatikani kwa sababu alizidiwa nyumbani. Kumjazia "hai" kimyakimya ni kumnyima haki yake.

Mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa ASOS wa matokeo ya upasuaji, uliohusu wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Asilimia 2.1 walifariki, karibu mara mbili ya kiwango cha dunia, ingawa wengi walikuwa vijana wasio na maradhi mengi. Zaidi ya vifo 9 kati ya 10 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Yaani hatari kubwa iko wodini, usiku, pale muuguzi anapohudumia vitanda vingi peke yake. Tena hivyo ni vifo vya hospitalini tu. Waliofia nyumbani hawamo.

Kulinganisha hospitali nako kuna mtego wake. Hospitali ya rufaa hupokea matumbo yaliyotoboka tangu juzi, kwa hiyo vifo vyake vitazidi hata ikifanya kazi nzuri. Kwanza natenganisha dharura na upasuaji uliopangwa, kisha naangalia daraja la ASA, yaani kipimo cha hali ya afya ya mgonjwa kabla ya upasuaji, ndipo nalinganisha.

Kwa wenzangu mnaoanza kukusanya data: kabla mgonjwa hajatoka wodini, mwombe idhini ya kupigiwa, kisha andika namba mbili za jamaa na ya mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwao. Zipigeni zote palepale, akiwa bado kitandani.