Je, wajua kwa nini samaki aitwaye ngege katoweka Ziwa Victoria lakini katika ziwa dogo la jirani, Kanyaboli, bado yupo?

Ukishuka mwaloni Mwanza au Kisumu utakuta sangara, sato na dagaa. Sangara na sato ni wageni, walipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950. Ngege, mwenyeji aliyekuwa kitoweo kikuu kabla yao, humwoni.

Lawama hutupiwa sangara. Kweli alifyeka furu, samaki wadogo wenyeji, aina chungu nzima zikapotea miaka ya 1980. Lakini ngege alianza kupungua mapema zaidi. Mwaka 1905 nyavu za makila, zinazomnasa samaki kwenye matundu yake, zililetwa Ghuba ya Winam, upande wa Kenya. Ngege jike huatamia mayai mdomoni, na hata vitoto vikishaanguliwa hurudi humo vikitishwa. Samaki wa namna hii hutaga machache mno ukimlinganisha na sangara, anayemwaga mayai kwa mamilioni. Tena jike akinaswa na kuvutwa, huyatema. Wavu ulichukua mama na kizazi chake kwa pamoja. Mtaalamu wa uvuvi Michael Graham alipolikagua ziwa mwaka 1927 hadi 1928, alikuta kila wavu unaleta samaki wachache kuliko zamani, akapendekeza matundu yasipungue inchi 5.

Ndipo akaja sato, jamaa wa karibu wa ngege. Ngege hutegemea zaidi mwani mdogo unaoelea majini. Sato hula karibu kila kitu, hukua mkubwa zaidi na humbana kwenye mazalio. Kibaya zaidi, huzaana naye, damu ya ngege ikazidi kuchujuka. Nadhani sato hasemwi sana kwa sababu tunampenda akiwa amekaangwa.

Kanyaboli ni ziwa dogo kaunti ya Siaya, Kenya, limetenganishwa na ziwa kubwa na mafunjo ya kinamasi cha Yala. Ndani ya mafunjo oksijeni ni haba. Sangara hutaka maji yenye hewa nyingi, kwa hiyo hapiti. Ngege na baadhi ya furu huvumilia. Hali hii ya ngege kupotea ziwa kubwa na kubaki Kanyaboli ndiyo wanaikolojia wanaiita kutoweka kwa mahali: spishi ingali hai, ila si pale ilipotawala.

Kinga hiyo ya mafunjo haimzuii binadamu. Sehemu ya kinamasi hicho imekaushwa kwa kilimo tangu miaka ya 1960, na sato hahitaji kupenya mafunjo mwenyewe: mfugaji mmoja akimwaga vifaranga vyake Kanyaboli, ngege hukutana na mshindani yule yule aliyemshinda ziwa kubwa.